Mtoto akikua kuna vitu anavipoteza, na vingi wala usivilie

Kuna swali ambalo ukishapata mtoto utaulizwa na kila mtu, shangazi, jirani, hata mtu mmekutana foleni na jina humjui: ameshaanza kutembea? Ukisema bado unaona uso umebadilika kidogo, ukisema ndiyo linakuja la pili palepale, na kuongea je? Hakuna kupumua. Na sisi wazazi tumeshanasa humohumo, tunahesabu vinavyoongezeka tu, jino la kwanza, hatua ya kwanza, neno la kwanza, picha zinaenda grupu la familia na vimoyo vinamiminika. Sijawahi kuona mtu ametuma picha ya kitu ambacho mtoto wake ameacha kukifanya.

Mimi leo nataka tukae hapohapo, kwenye vile vinavyoachwa. Nimelea wawili, mkubwa sasa yuko shule, na zile usiku za kukesha na kichanga ukiwa huna cha kufanya zaidi ya simu nilikuwa nasoma sana kuhusu ukuaji wa watoto, nikawa naona kitu ambacho zile orodha za "mwezi wa tisa awe anafanya hiki" hazikisemi: mtoto haongezeki tu. Anapata, anapoteza, anarudi nyuma, anapata tena kwa namna nyingine. Na mara nyingi ile kurudi nyuma inayotupandisha presha ndo kazi yenyewe inafanyika. Mara nyingi nimesema, sio zote, kuna kupotea kwingine ni kwa kwenda hospitali bila kusubiri na nitafika huko.

Tuanze na mtoto mbichi kabisa, wa wiki moja. Akishikwa vizuri makwapani na mtu anayejua, kichwa kikaegemezwa, nyayo zikagusa meza, ananyanyua mguu mmoja, anaushusha, ananyanyua mwingine. Hatua kabisa. Shingo haijakaza, macho yake yanaona vizuri umbali wa sentimita 20 mpaka 30 tu yaani kutoka kifuani mpaka usoni kwako, lakini miguu inajua kutembea. Halafu kufikia mwezi wa pili hivi unamsimamisha tena, hakuna kitu. Imeondoka.

Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba ubongo ukianza kukomaa unaizima ile hali. Esther Thelen, mwanasaikolojia wa Marekani, hayakumtosha. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakafanya kitu rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hakuna aliyewaza mapema: watoto waliokuwa bado wanapiga hatua wakafungwa vizito vidogo miguuni, hatua zikapungua. Kisha wakawashika watoto ndani ya maji mpaka kifuani, miguu ikawa myepesi, hatua zikaongezeka. Kumbe kinachotokea ni kwamba katika wiki zile mtoto ananenepa mapaja haraka kuliko misuli inavyopata nguvu. Hatua hazikwenda popote, miguu imekuwa mizito tu. Binafsi hii habari huwa naipenda kuliko zote kwenye mambo ya watoto, mana watu wazima walishaandika nadharia nzima ya ubongo na jibu lilikuwa kwenye minofu.

Zipo nyingine zinazoondoka kweli na zinatakiwa ziondoke. Ile ya kushtuka mpaka mikono inatupwa pembeni, au ya kukamata kidole chako akang'ang'ania, kufikia miezi minne mpaka sita inakuwa inafifia, na daktari akimpima mtoto wa miezi minane akaikuta bado ipo kama mwanzo hapo ndo anakunja uso. Kwa hiyo kwenye kliniki kuna vitu wanavitafuta kwa kuomba wasivikute.

Hata uzito wenyewe unaanza kwa kupungua. Mtoto anazaliwa, siku chache za mwanzo anapoteza mpaka asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, maji yanatoka, maziwa ya mama bado yanaanza kuja, na mama wa mara ya kwanza akiona mzani umeshuka anaanza kulia hapohapo. Wengi wanakuwa wameurudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo ni mbio: miezi mitano hivi uzito wa kuzaliwa umekuwa mara mbili, mwaka mmoja mara tatu, na urefu unaongezeka kama sentimita 25 kwa mwaka huo wa kwanza. Hakuna kipindi kingine nje ya tumbo binadamu anakimbia hivyo.

Sasa mwaka wa pili breki inakamatwa. Urefu unaongezeka kama sentimita 12, uzito unapanda polepole, mashavu yanaanza kupungua, na kwa sababu mwili hauhitaji tena kujengwa kwa kasi ile hamu ya kula inashuka. Hapa ndo nyumba nyingi zinageuka uwanja wa vita. Mtoto aliyekuwa anamaliza kila kitu sasa anafunga mdomo, anageuza kichwa, anasukuma kijiko, na mtu mzima anamfukuza nyumba nzima na bakuli. Mimi nilikuwa namfukuza pia, mpaka nesi mmoja akanichorea mstari wa kwenye kadi akaniambia angalia mstari usiangalie sahani. Kama mtoto anafuata mkondo wake, anacheza, anakojoa vizuri, basi anakula kinachomtosha. Kama mstari umelala au unashuka miezi inapita hiyo ni habari nyingine, na hapo usikubali kuambiwa "ni wa ukoo wenu wafupi" kabla hajapimwa, kwa sababu udumavu upo na ni mkubwa, dunia nzima watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni kama milioni 150, na mwingi unaingia kwenye zile siku 1,000 za kwanza kuanzia mimba mpaka miaka miwili.

Miguu nayo, nipite haraka. Mtoto akianza kusimama magoti yameachana, matege ya wazi, watu wanasema amesimamishwa mapema. Hajasimamishwa mapema, ndivyo watoto walivyo. Kufikia miaka miwili inanyooka, halafu miaka mitatu minne inapitiliza upande wa pili magoti yanagusana, kisha miaka saba hivi inakaa sawa. Ukiona mguu mmoja tu ndo umepinda au inazidi badala ya kupungua, mpeleke.

Turudi kwenye lile swali la kutembea. Shirika la Afya Duniani (WHO) walifuatilia watoto wenye afya nzuri Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakatoa matokeo mwaka 2006. Kutembea mwenyewe bila kushikwa: kuna walioanza miezi 8 na kidogo, kuna walioanza miezi 17 na nusu, na wote ni wazima. Kukaa bila kuegemezwa, kuanzia miezi 3.8 mpaka 9.2. Kutambaa, 5.2 mpaka 13.5. Angalia huo upana, kwenye kutembea ni zaidi ya miezi tisa tofauti kati ya mtoto na mtoto! Na asilimia 4 na ushee hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, waliburuta makalio au wakanyanyuka moja kwa moja wakasimama dede wakaondoka. Kwa hiyo shangazi akikuuliza ameshaanza, mwambie yuko ndani ya dirisha, muachie yeye atafute dirisha gani.

Ila kilichonivutia zaidi ni kinachotokea mtoto anapohama kutoka kutambaa kwenda kutembea. Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York ametumia miaka mingi kuangalia watoto wakipanda na kushuka miteremko ya kutengenezwa pale maabara (kuna mtu pembeni wa kudaka, msiogope). Mtoto anayeanza kutambaa anajitupa kwenye mteremko wowote. Baada ya wiki kadhaa za kutambaa amekuwa bingwa, akifika ukingoni anapapasa, anaona hapa ni kukali, anageuka au anakataa. Unasema safi, ameshajua hatari. Kisha anaanza kutembea, unamrudisha kwenye mteremko uleule aliokuwa anaukataa, anaingia wima bila hata kusita. Alichokijua akiwa chini hakukihamisha alipokuwa juu, anakijifunza upya tangu sifuri na mwili mpya.

Ndo maana mtoto aliyetulia miezi miwili ghafla anaanza kujigonga kila mahali na wewe unajiuliza hivi akili imekwenda wapi. Timu yake Adolph walihesabu watoto wa miezi 12 mpaka 19 wakicheza tu, kwa saa moja wanapiga wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Kwa saa moja! Na bado hawarudi kutambaa ambako walikuwa mabingwa, kwa sababu wakisimama wanafika mbali zaidi, mikono iko huru kubeba vitu, na wanaona chumba badala ya sakafu. Ile kuanguka ndo bei wanayolipa na wanailipa kwa furaha. Sasa wewe unamweka kwenye kile kigari cha magurudumu anachokaa katikati ili "ajifunze haraka", ambacho hakimfundishi kutembea na kinaweza hata kumchelewesha, na kinamporomosha kwenye ngazi. Canada walivipiga marufuku kabisa mwaka 2004 na mimi sijaona sababu ya kubishana nao.

Usingizi nao ni hivyohivyo. Kichanga kinalala saa 14 mpaka 17 kwa siku, kwa vipande, halafu kuna bahati inaingia anaanza kulala kipande kirefu na mzazi anajisifu, na kufikia miezi mitatu minne anaanza kuamka tena kila baada ya muda kidogo. Hajaharibika. Usingizi wake unahama kutoka ule wa kichanga wenye hali mbili tu kwenda wenye hatua zaidi kama wa mtu mzima, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine anaibuka juu juu, hajajua bado kurudi mwenyewe. Inachosha, sitakudanganya.

Sasa masikio, hapa ndo kupoteza kunakuwa kupoteza kweli. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees huko Canada waliwapima watoto wa nyumba zinazoongea Kiingereza kwenye sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa asili wa British Columbia, sauti ambazo mtu mzima wa Kiingereza anazisikia zote sawa tu. Watoto wa miezi 6 mpaka 8 wengi wao walizitofautisha. Wa miezi 10 mpaka 12 karibu wote walishindwa. Hawajawa wajinga ndani ya miezi minne jamani, wamechagua. Sikio limeanza kutupa tofauti zisizo na kazi nyumbani kwao ili lizishike vizuri zenye kazi, na ni miezi hiyohiyo neno la kwanza linakuwa linakaribia kutoka.

Patricia Kuhl akaendeleza. Mwaka 2003 aliwaletea watoto wa Marekani wa miezi tisa watu wanaoongea Kichina cha Mandarin, wakae nao, wawasomee, wacheze nao, vipindi 12 vya dakika 25. Mwisho wake watoto walizishika sauti za Mandarin vizuri kabisa. Kundi lingine likapewa watu walewale, vitabu vilevile, muda uleule, ila kwenye video. Hawakushika chochote. Sifuri. Mtoto wa miezi tisa anatazama skrini ametulia, macho hayabanduki, sisi tunasema anajifunza, kumbe sikio halijafunguliwa hata kidogo kwa sababu yule wa kwenye skrini hamtazami yeye, hajibu akibwabwaja, hafuati kidole chake. WHO mwaka 2019 wakasema skrini ya kukaa na kutazama kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja isiwepo, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Mimi sio mtakatifu wa skrini, kuna siku simu ndo imeniwezesha kuoga, lakini kuoga ni kuoga na masomo ni masomo, tusivichanganye.

Na ule mziki wa Mozart wa kumpigia mtoto awe na akili? Utafiti ulioanzisha habari hiyo wa mwaka 1993 ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo, sio watoto, na faida yenyewe ilidumu dakika chache. Hiyo haikuzuia gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani mwaka 1998 kuomba pesa za serikali kila mtoto anayezaliwa apewe mziki wa klasiki. Mpigie kama unaupenda wewe.

Kinachoendesha yote haya kiko kichwani. Ubongo wa mtoto akizaliwa una kama robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, akifika miaka miwili umeshafika karibu robo tatu, na kinachoongezeka sana ni viunganishi kati ya seli, sinapsi. Peter Huttenlocher alizihesabu kwenye hadubini, mwaka 1979 akaripoti kwamba kwenye eneo moja la mbele ya ubongo mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili ana msongamano wa sinapsi unaozidi wa mtu mzima kwa kama asilimia 50. Rudia hiyo sentensi. Mtoto anayekula mchanga ana viunganishi vingi kuliko wewe. Halafu miaka inayofuata vinapunguzwa, vile vinavyotumika vinakazwa, visivyotumika vinaondolewa, kama njia za miguu kwenye uwanja wa nyasi, zile watu wanapita kila siku zinabaki nyeupe na zile walizipita mara moja nyasi zinafunika. Hakuna anayepogoa, ni kutumika na kutotumika. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu cha "kuongeza viunganishi vya ubongo" vya mtoto wa mwaka mmoja, muulize anaviongeza vya nini wakati vilivyopo vimezidi.

Lugha ikianza kutoka utaona mchezo uleule tena. Binti yangu alikuwa anasema "meno" na "macho" vizuri tu, kila mtu anamsifia. Akiwa karibu na miaka mitatu siku moja nasikia "majicho yangu". Na "majino". Bibi yake akasema mtoto amerudi utotoni, msahihisheni. Lakini fikiria alichofanya: mwanzo alikuwa amekariri neno moja moja kama alivyolisikia. Sasa ameigundua kanuni yenyewe, jani majani, jiwe mawe (hata hapo kanuni inamchezea), na ameanza kuitumia kila mahali hata pasipotakiwa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia "majicho", amelitengeneza mwenyewe. Watoto wa lugha nyingi duniani wanapita hapo, wanasema sawa, wanakosea, wanarudi kusema sawa, na kile kipindi cha kukosea ndo sarufi inaingia. Sikumsahihisha, nilikuwa nalirudia tu neno kwa usahihi kwenye jibu langu tukaendelea na stori. Likatoka lenyewe.

Kwenye hisia ndo watu wanachanganyikiwa zaidi. Mtoto wa miezi mitano anacheka na kila mtu, anapokezanwa mikono kwa mikono, wageni wanasema huyu hana shida. Miezi minane tisa anakuwa mwingine, akiona sura mpya anakunja mdomo, ukienda chooni analia mlangoni. Mnaanza kusikia "mmemdekeza". Kilichotokea ni kwamba sasa anajua wewe ni wewe, sio mtu mzima yeyote mwenye maziwa, na ameanza kujua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo mahali. Ukitoka upo sehemu na yeye hayupo nawe. Kabla ya hapo akili hiyo hakuwa nayo ya kumliza.

Mary Ainsworth, ambaye jina lake limo kwenye kila somo la malezi, hayo mambo alianza kuyaona Uganda miaka ya 1950, akizitembelea familia 26 kwenye vijiji vya karibu na Kampala kabla hajaenda kuyafanyia majaribio Marekani. Aliona mtoto akitambaa kwenda mbali na mama, anageuka kumwangalia, anaendelea, akishtuka anarudi. Yule anayemng'ang'ania mama akitishika na kisha akamwachia akitulia ndiye anayechunguza dunia zaidi. Kumkimbia akiwa analia "ili azoee" mimi sijawahi kuona kunamzoesha nini. Muage, ondoka, rudi. Atalia, ila anajifunza kwamba ukiondoka unarudi.

Miaka miwili, ile ya kujigaragaza chini, sitasema mengi kwa sababu kila mtu ana yake. Anataka, hana maneno ya kutosha, na ile sehemu ya mbele ya ubongo ya kujizuia itaendelea kukomaa mpaka amalize miaka ishirini na kitu. Nyingi zinaisha ndani ya dakika tano. Najua, ukiwa mbele za watu hizo dakika tano zina urefu wake.

Na kuna ile ya mdogo wake kuzaliwa. Mkubwa aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, anataka kulishwa, anaongea kitoto. Wa kwangu aliomba chupa. Nikampa chupa, akainyonya kidogo akaona ni kazi, akairudisha. Wengi wanapita wakiona nafasi yao bado ipo.

Moja nyingine ambayo wazazi wanaiona ni kuharibika: uongo. Mtoto wa miaka mitatu akila kitu chako na mdomo umejaa atakuambia ukweli au uongo usio na kichwa wala miguu. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walikuwa wanawasimulia watoto habari ya mvulana aliyeweka chokoleti kabatini akatoka, mama akaihamisha, je akirudi ataitafuta wapi? Wa miaka mitatu wanasema ataitafuta ilipo sasa, kwa sababu wao wanajua iko wapi basi na yeye anajua. Kuanzia miaka minne na kuendelea wanaanza kuelewa kwamba mtu anaweza kuwa na kitu cha uongo kichwani na akakiamini. Akili hiyohiyo inayomwezesha kukudanganya vizuri ndiyo inayomwezesha kukuonea huruma. Mkanye, ila kimoyomoyo jua amepanda darasa.

Sasa nifike nilikoahidi, mana sitaki mtu asome hapa atulie wakati hatakiwi kutulia. Kuna kupoteza ambako hakuna kitu kinachoingia mahali pake. Mtoto alikuwa na maneno, ameacha kuyasema, na hakuna mengine yaliyokuja. Alikuwa anakutazama, anaitika akiitwa, anakunyooshea kidole akuonyeshe, vimefifia vyote. Alikuwa anakaa, sasa anaanguka. Kupoteza ujuzi wa hivyo kwa umri wowote ni wa kwenda kuangaliwa wiki hiyohiyo, inaweza kuwa masikio, inaweza kuwa usonji, degedege, au kitu kingine, na wewe nyumbani huwezi kujua. Mwaka mmoja habwabwaji wala hanyooshi kidole, miezi 18 hatembei, miaka miwili haunganishi maneno mawili, au ana miezi michache tu na tayari anatumia mkono mmoja na mwingine umelala, hayo nayo usiambiwe "wavulana wanachelewa" ukaridhika. Mtoto njiti muhesabie umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka afike miaka miwili hivi, la sivyo utamuona amechelewa wakati yuko kwenye ratiba yake. Na wewe unayemlea ukihisi kitu hakiko sawa nenda hata kama orodha inasema bado. Afadhali uambiwe ni mzima.

Na kuna kupoteza ambako mtoto anasababishiwa. Ule ubongo unaobakiza kinachotumika, ukikosa mtu wa kuongea nao, haujui kwamba unanyimwa, unapunguza tu. Romania waliliona hilo kwa watoto waliokulia kwenye vituo vya yatima, wanalishwa, wanabadilishwa nguo, ila hakuna anayewaitikia. Utafiti wa Bucharest ulioanza mwaka 2000 na watoto 136 ukaonyesha waliopelekwa kulelewa na familia walipata nafuu kubwa, na kwa mambo mengi waliohamishwa kabla ya miaka miwili ndio walionufaika zaidi.

Ila nisikuache hapo, kuna Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake Kingston walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 mpaka 24. Sehemu yao wakawa wanatembelewa na wahudumu wa afya wa kawaida tu saa moja kwa wiki, miaka miwili, na kazi ya mhudumu ilikuwa kumuonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto, midoli mingine ilitengenezwa kwa vitu vya kuokota nyumbani. Miaka 20 baadaye wakatafutwa. Waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Saa moja kwa wiki ya kucheza. Huwa naikumbuka hii nikiwa nimechoka na mtu ananiletea kitabu kilekile kwa mara ya kumi.

Cha mwisho anachopoteza mtoto ni haya yote. Patricia Bauer na Marina Larkina waliwarekodi watoto wa miaka mitatu wakiongea na mzazi kuhusu matukio yao, kisha wakawauliza tena walipokua. Wa miaka mitano mpaka saba walikuwa wanakumbuka zaidi ya nusu. Wa miaka minane na tisa, chini ya asilimia 40. Yaani wanazipoteza kumbukumbu hapohapo tukiwaangalia, wakiwa tayari wanaongea kuliko sisi. Juzi nimemwambia binti yangu alikuwa analia nikiingia bafuni mpaka naoga mlango wazi, akaniangalia, akasema mama unanisingizia, huyo atakuwa mdogo wangu.